Maoni Yetu: Mwombaji kazi naye apewe stakabadhi

Mkulima wa Simiyu akifikisha pamba kwenye mizani ya chama chake cha msingi haambiwi aende nyumbani akasubiri kupigiwa simu. Anasimama palepale. Anaangalia namba, anaambiwa pamba yake ni safi au ni fifi, anaandikiwa stakabadhi, anaikunja na kuitia mfukoni. Bei anaijua tangu msimu ulipofunguliwa, kwa kuwa bei elekezi hutangazwa kabla mzigo wa kwanza haujapanda mizani. Akiona amepunjwa, anayo karatasi ya kumpelekea mwenyekiti wa chama hicho, yaani AMCOS.

Mtoto wa mkulima huyohuyo, aliyesomeshwa kwa hela ya pamba hiyohiyo, akipeleka barua ya kuomba kazi kwenye kampuni, hapewi chochote cha kushika mkononi. Hajui barua imefika au haijafika. Hajui mshahara. Akiitwa kwenye usaili na kujibu alichoulizwa, anaambiwa "tutakupigia", halafu hapigiwi. Wiki inakuwa mwezi, mwezi unakuwa msimu. Msimamo wetu ni kwamba kampuni iliyomwita mtu kwenye usaili ina deni kwake, na deni hilo ni jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Wenye ofisi wengi hawaujui mwendo anaoupiga mwombaji kabla hajaketi mbele yao, kwa hiyo tuueleze. Tangazo hukutwa kwenye kundi la WhatsApp au limebandikwa ukutani: anatakiwa afisa mikopo, karani wa ghala, mhasibu msaidizi, muuzaji. Alete barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti vyote kuanzia cha kuzaliwa, ziwe zimegongwa muhuri wa wakili, picha ndogo mbili, namba ya NIDA, barua ya mtendaji na majina ya wadhamini. Akiomba uafisa mikopo, mara nyingi huongezewa leseni ya pikipiki. Hakuna hata kimoja cha bure. Steshenari wanadai kwa ukurasa, wakili anadai kwa muhuri, na bodaboda anadai kwenda na kurudi kwa mtendaji ambaye siku hiyo yuko kwenye kikao. Hela hiyo imetoka kwenye kuku waliouzwa mnadani, au shangazi aliyeko Maswa ameituma kwa simu.

Kisha ujumbe unaingia saa kumi na mbili jioni: fika kesho saa mbili asubuhi, ofisi ya kanda, Mwanza, uje na vyeti halisi. Aliyeko Bariadi mjini ataamka usiku kuwahi basi linalopita Lamadi. Aliyeko Mwanhuzi au Lagangabilili inabidi atoke usiku huohuo, au nafasi imempita. Anafika, anaandika jina kwenye daftari la mlinzi, anakaa kwenye benchi. Saa nne, saa sita, saa nane. Msaili ana kikao. Msaili yuko njiani anatoka Dar es Salaam. Rudini kesho. Asiye na ndugu Mwanza alale wapi? Swali hilo halimo kwenye fomu yoyote, na aliyeandika ule ujumbe wa saa kumi na mbili hakujiuliza.

Usaili wenyewe siku hizi haumalizwi kwa siku moja. Kuna wa kuandika, kuna wa mahojiano, kuna wa kukutana na meneja wa kanda, na kila mmoja una nauli yake. Zipo kampuni zinazoongeza hatua nyingine zinayoiita majaribio: mwombaji anapewa mtaa, anaambiwa azunguke wiki mbili atafute wateja, akifanya vizuri ndipo ataajiriwa. Anazunguka juani kwa viatu vyake na bando lake. Wiki mbili zikiisha, wateja aliowaleta wanabaki kwenye vitabu vya kampuni na yeye anarudi nyumbani. Hilo hatukawii kulitaja kwa jina lake. Ni kazi, na kazi iliyofanyika hulipwa.

Baada ya hapo ndipo kimya kinapoanza, na kimya ndicho kinachoumiza kuliko nauli. Aliyeambiwa hapana anajua la kufanya kesho yake. Aliyeambiwa "tutakupigia" amefungwa. Hazimi simu. Habadilishi laini. Akienda shamba lisilo na mtandao anakwenda huku moyo uko nyuma. Pamba yetu hupandwa Novemba na Desemba. Anayesubiri simu hakodi shamba Oktoba, kwa sababu akipigiwa shamba atamwachia nani? Rafiki anamwita Mwanza wakafanye biashara ya dagaa, anasema subiri kidogo, kuna watu wananipigia. Jioni mama anauliza, "Bado hawajapiga?" Anaacha kuuliza baada ya mwezi, na huko kuacha kuuliza ni kuzito kuliko swali. Mvua za kupandia zinapita. Siku moja kijana anapita mbele ya ofisi ile na kumwona mtu mwingine ameketi kwenye meza aliyosailiwa kwa ajili yake, na hapo ndipo anapopata jibu.

Mkoa huu hauhitaji kufundishwa uchungu wa kuachwa unasubiri. Msimu wa mwaka 2019 pamba ilichukuliwa kwa mkopo, wakulima wakakaa miezi bila fedha, na jambo likapanda hadi viongozi wa kitaifa wakaliingilia. Kila mtu alikubali wakati ule kwamba mwenye jasho lake hawezi kuambiwa tu asubiri bila kutajiwa siku. Mwombaji kazi naye ametoa jasho lake, na wanaomngoja nyumbani ni walewale waliongoja hela ya pamba.

Waajiri wana utetezi wao na tumeusikiliza. Wanasema waombaji ni wengi mno. Kweli ni wengi. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji, na picha za majukwaa yale yaliyofurika zilisambaa nchi nzima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 ikapata maombi zaidi ya 135,000, yaani watu zaidi ya 80 kwa kila kiti. Mwanzoni mwa mwaka huohuo walimu zaidi ya 200,000 walikuwa wameomba nafasi 14,648. Hakuna anayebisha kwamba mlango ni mwembamba.

Lakini tazameni nani kati ya waajiri anajibu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayopokea maombi kwa maelfu, hutangaza majina ya wanaoitwa kwenye usaili na hutangaza waliopangiwa vituo. Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ikitokea ndani ya muda uliowekwa anaweza kuitwa. Ule usaili wa walimu ulipelekwa mikoani badala ya kuwakusanya wote Dodoma, na mwalimu wa Simiyu aliokolewa safari ya kuvuka nusu ya nchi. Hatusemi serikalini mambo yote yamenyooka. Walimu wasio na ajira waliojiunga kwenye umoja wao wa NETO walilalamika kwa sauti, na hoja ya mtu aliyehitimu miaka mingi iliyopita kusailiwa upya pamoja na aliyemaliza chuo jana inastahili kusikilizwa. Tunachosema ni hiki: kama maombi ya watu maelfu yanaweza kupata orodha ya majina, kampuni yenye waombaji sitini pale Bariadi haiwezi kusema wingi wa watu umeishinda. Ujumbe wa simu kwa watu sitini unaandikwa mara moja na kutumwa kwa wote kabla chai haijapoa.

Utetezi wa pili ni kwamba vijana nao wanadanganya. Huu una uzito. Aprili 2017 taifa liliambiwa kuwa watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo mwajiri anayekagua cheti mara mbili hatumlaumu. Wapo pia wanaopeleka barua moja kwa kampuni kumi na kusahau kubadilisha jina la anayeandikiwa, na wapo wanaoajiriwa Jumatatu na kutoonekana Jumatano. Mwajiri akague, apige simu vyuoni, aulize wadhamini. Akimaliza kukagua, aseme. Cheti cha kughushi cha mtu mmoja hakiwezi kuwa sababu ya kuwanyamazia hamsini na tisa wenye vyeti vya kweli.

La tatu halisemwi hadharani ila kila mtu mjini analijua: nafasi ina mwenyewe. Kimemo kimetoka kwa mkubwa fulani, au mpwa wa meneja amemaliza chuo, na tangazo limebandikwa ili mafaili yaonekane yamekamilika. Kampuni binafsi ikitaka kumpandisha mtu wake wa ndani, au kumchukua inayemwamini, hatuna ugomvi nayo. Mali ni yake. Basi isitangaze. Tangazo la nafasi iliyokwisha kutolewa linawachukulia watu sitini nauli, kopi na mihuri, na jumla yake ni fedha nyingi kwa mkoa ambao kaya zake nyingi zinaona fedha ya maana pale tu pamba inapouzwa. Ni kuwatoza maskini gharama ya kupamba faili la tajiri.

Sheria inasemaje? Inasema zaidi ya waombaji wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7 kinachokataza ubaguzi kazini, inamhesabu mwombaji kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Kumuuliza binti kama ana mimba au ataolewa lini ili umpime kwa jibu lake, au kumkata mtu kwa kabila lake au anakotoka, ni kuingia kwenye yale yale yaliyokatazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze na azitumie kwa shughuli aliyozichukulia. Nakala za vyeti, namba za NIDA na namba za simu za watu sitini hazipaswi kulala chini ya meza iliyo wazi wala kuishia jalalani nyuma ya ofisi.

Na kuna lile ambalo wasichana wetu hukutana nalo na kulinyamazia. Anaambiwa usaili umekwenda vizuri, limebaki jambo dogo, aje jioni nyumba ya wageni fulani wamalizie mazungumzo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaliita jambo hilo kosa la jinai. Anayeombwa aende TAKUKURU, na wazazi wanaopata habari wasimwambie avumilie kwa kuwa kazi ni adimu. Mwenye kampuni anayesikia minong'ono ya aina hiyo kuhusu meneja wake na kukaa kimya, naye anachangia.

Sheria hizo hata hivyo hazimlazimishi mwajiri binafsi kupiga simu na kusema "hapana, asante". Mkataba wa ajira ukianza, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi apewe kwa maandishi kazi yake, saa zake na malipo yake. Kabla ya siku hiyo kumebaki uwanja mtupu, na humo ndimo kijana anamozungushwa. Hatungoji Bunge litunge sheria ya adabu. Hili linaweza kukubaliwa na watu wazima walioketi meza moja. Baraza la Biashara la Mkoa linawakutanisha wafanyabiashara na serikali. Liweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho, na waajiri wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega wakubaliane utaratibu.

Utaratibu wenyewe hautaki mtaalamu kutoka nje. Tangazo liseme mshahara, au angalau liseme kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani. Viwango vya chini vya sekta binafsi serikali huvitangaza hadharani kwa amri ya mishahara, kwa hiyo hakuna siri ya kulinda hapo. Liseme kituo cha kazi kiko wapi, maana yupo aliyekubali kazi akidhani ni Bariadi akajikuta anapangiwa mkoa asioujua. Liseme majibu yatatoka lini. Hatua ya kwanza waombaji walete nakala za kawaida tu, na muhuri wa wakili udaiwe kwa wale wawili au watatu waliokaribia kuchukuliwa. Anayeitwa apewe siku tatu za kujiandaa. Kazi ikiwa ya Bariadi, usaili ufanyike Bariadi. Ni nafuu kwa msaili mmoja kupanda gari kuja kwetu kuliko vijana ishirini kupanda basi kwenda kwake. Akiona ni lazima awaite Mwanza, awalipie nauli. Na siku iliyotajwa ya majibu ikifika, kila aliyesailiwa apate ujumbe. Maneno haya yanatosha: tunakushukuru kwa kuja, nafasi amepata mwingine, endelea na shughuli zako.

Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo anayoyasubiri. Endelea na shughuli zako. Yanamrudishia msimu wake.

Tunajua yapo maduka na viwanda vidogo visivyo na afisa rasilimali watu, ambako mwenye mali ndiye mhasibu na ndiye dereva. Hao tunawaelewa zaidi, na kwa kweli hao mara nyingi ndio wenye adabu: wanakujua, wanamjua baba yako, wanakuambia palepale mlangoni kwamba nafasi hakuna. Ukali wetu ni kwa wakubwa wenye ofisi za kanda, wenye kompyuta na idara nzima ya watu wanaolipwa kushughulikia watu. Wao ndio wasiojibu.

Wakumbuke pia wanafanya biashara wapi. Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa Machi 2012, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu humu watu zaidi ya milioni 2.1. Kampuni zinakuja kwa sababu ya watu hao: wauziwe simu, wakopeshwe, wanunuliwe pamba, wawekewe bima. Kijana uliyemkalisha kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa nane ndiye mteja wako wa mwakani, na mama yake ni mjumbe wa kikundi cha kuweka na kukopa unachokitafuta. Bariadi ni mji ambao habari ya asubuhi inafika kila mtaa kabla ya adhana ya magharibi. Kampuni iliyomjibu mtu vizuri hata ilipomkosesha kazi inajulikana, na iliyomtupa inajulikana vilevile.

Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei. Wiki chache kabla, mageti ya viwanda vya kuchambua pamba hujaa vijana tangu alfajiri, wengine wametembea kwa miguu, wakingoja mtu atoke na daftari la majina. Hapo ndipo pa kuanzia mwaka huu. Bandikeni ubao getini. Andikeni wanatakiwa vibarua wangapi, wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, na majina yatatoka siku gani. Siku hiyo ikifika, saa mbili asubuhi, majina yawe ubaoni, ili asiyeliona jina lake awahi gari la kurudi kwao kabla jua halijawa kali.